Hii maktaba ni ya nani? Mazungumzo yetu Kondele

Hamjambo wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni. Asanteni kwa kuja na hili jua la Kisumu. Nimeombwa niongee kuhusu maktaba na haki ya kumiliki mali, na kuna mtu ameniuliza hapo nje hivyo vitu viwili vinakutana wapi. Vinakutana kwa swali moja tu, ile maktaba unaingia kusoma, ni ya nani?

Hapa ukiuliza utaambiwa ni ya serikali, na ni kweli, Katiba ya 2010 iliweka maktaba kwa kazi za kaunti. Sasa kuna watu wanaitwa walibertari, hawa wanasema mtu anajimiliki mwenyewe, jasho lake ni lake, asilichukue mtu bila yeye kukubali. Robert Nozick wa Marekani aliandika 1974 kwamba kutoza kodi kipato cha kazi ya mtu ni kama kumfanyisha kazi kwa lazima. Kwa hivyo mlibertari akiona maktaba ya umma anamuona mama anayeuza omena Kibuye akilipia vitabu ambavyo hakuulizwa kama anavitaka.

Mimi siwafuati kwa kila kitu, lakini hapo kwa kuulizwa wamenigusa, juu sisi tunaijua hiyo tofauti kwa miili yetu. Wazee mnakumbuka harambee. Kuna ile mama analeta kuku anapigwa mnada, watu wanacheka, anauzwa mara tatu na bado anarudi kwa meza, mwisho wa siku darasa limeezekwa. Halafu ikaja ile ya kulazimishwa, usipotoa huhudumiwi, mbuzi wa mtu anabebwa. Jina ni lile lile harambee lakini ya pili iliua moyo wa ya kwanza, na watu wakaanza kujificha wakisikia kuna mchango. Na vitabu navyo, sheria ya VAT ya 2013 iliviwekea ushuru wa asilimia 16, yaani mzazi anayejinunulia mwenyewe naye hakuachwa.

Njia nyingine ipo na ni ya zamani. Philadelphia kule Marekani, 1731, Benjamin Franklin alitafuta watu 50 waanzishe maktaba yao, kila mmoja akatoa shilingi 40 za kuanza na shilingi 10 kila mwaka. Wengi walikuwa watu wa biashara ndogo na mafundi. Ukichukua kitabu unaandika ahadi, usipokirudisha unalipa bei yake mara mbili. Maktaba hiyo iko mpaka leo. Akina mama mnaonielewa mmeshajua hiyo ni nini, hiyo ni chama, kama vile vyetu vya kuchanga pesa!

Lakini nisiwafiche kitu, mwenye mali anaweza pia kukufungia mlango. Maktaba ya McMillan kule Nairobi ilifunguliwa 1931, ilijengwa kwa ukumbusho wa tajiri mmoja mzungu, na kwa miaka mingi Mwafrika alikuwa haingii kusoma. Hiyo inauma mpaka leo nikiisema. Ukimwambia mlibertari hivyo atakujibu serikali ya mkoloni ndiyo ilitupokonya kwanza, kwa sheria ya ardhi ya 1915 iliyofanya ardhi ya wenyeji kuwa ya mfalme wa Uingereza, babu yako akawa mpangaji kwa shamba la baba yake, sasa angejenga maktaba yake kwa ploti gani? Hilo jibu nalikubali nusu. Mtu kunyimwa mali ni kweli, na mtu kufungiwa mlango na mwenye mali pia ni kweli. Ndio maana mimi nataka wenye maktaba wawe wasomaji wenyewe, asiwe tajiri na asiwe afisa.

Tulijaribu hapo nyuma, tulikuwa na kibanda cha mabati na vitabu kama mia tatu hivi, watoto walikuwa wanakuja jioni wakitoka shule wanajaa mpaka nje. Ile ardhi tulikuwa tumeambiwa tu kwa mdomo tukae, hakuna karatasi. Asubuhi moja tukapata kimebomolewa, vitabu vimelowa mvua, na hatukuwa na mahali pa kwenda kulalamika juu hakuna kitu tungeonyesha kwamba hapo ni petu. Nilianika vitabu kwa kamba ya nguo siku nne.

Kwa hivyo safari hii tunaanza na ploti, vitabu baadaye. Hati miliki iandikwe kwa majina ya wadhamini tutakaowachagua sisi, ili mtu akija na tingatinga akute karatasi. Mia mbili kwa mwezi, mwenye hana aje akae zamu ya kupanga vitabu, na mtoto yeyote asome pale ndani bure, hapo sitaki mjadala. Asiyetaka kujiunga asisumbuliwe na mtu, hata kama ni jirani yangu, atabaki jirani. Daftari liko kwa ile meza ya dirishani, mama mweka hazina ndiye analo.