Meza ya ukutani: mbao ikauke kwanza

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za mchana. Nafurahi kuona kina mama wengi hapa, maana kazi ya mbao ikitajwa Moshi hii watu huwaita wanaume tu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutengeneza nyumbani meza ya ukutani, ile nyembamba inayokaa koridoni au nyuma ya kochi, ikabeba funguo, picha na kitambaa cha kufuma. Vipimo vyake havina siri. Kimo sentimita 75 hadi 80, urefu mita moja au zaidi kidogo, upana karibu sentimita 30. Miguu minne ya inchi mbili kwa mbili, fremu ya inchi moja kwa nne inayoifunga miguu kwa juu, na uso wa mbao mbili za inchi moja kwa sita zilizoungwa ubavu kwa ubavu. Mwenye msumeno, randa, patasi na skwea anaifanya uani kwake. Kwa hiyo kwenye kukata sitakaa sana. Nataka tuzungumze juu ya maji.

Fanicha nyingi zinazopasuka humu majumbani hazipasuki kwa sababu fundi hajui kukata. Mbao ilitoka kwenye mashine ya kupasulia wiki hii, wiki ijayo imeshakuwa meza.

Ubao mbichi una maji ya namna mbili. Kuna yaliyo huru ndani ya vitundu vya nyuzi, na kuna yaliyoshikwa na kuta za nyuzi zenyewe. Yale ya kwanza yakitoka, ubao unapungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 28 au 30 hivi, kuta nazo zinaanza kutoa maji yake, na hapo ndipo ubao unasinyaa. Kwa urefu hutaona kitu. Kwa upana utaona. Tazama kichwa cha ubao, yaani ncha yake iliyokatwa: ukiona mistari imejipinda kama upinde, ubao huo utasinyaa kwa upana karibu mara mbili ya ule ambao mistari yake imesimama wima.

Tufanye hesabu. Uso wa sentimita 30 umeungwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20, halafu ukakaukia sebuleni hadi 12. Upana unapungua karibu milimita 6. Sasa kama uso huo umepigiliwa misumari mbele na nyuma, hizo milimita 6 zitatoka wapi? Ubao utapasuka katikati, au kiungo kitaachia. Hakuna gundi ya kulizuia hilo.

Mbao gani? Mimi nasema mgrivea, na nasema kwa moyo wote. Asili yake ni Australia, lakini leo umejaa vihambani kwetu, yaani mashamba ya nyumbani, Machame hadi Rombo, ukiipa kahawa kivuli. Inaniuma kumwona mtu wa hapa akijikamua kununua mninga uliosafiri kutoka Tabora au Katavi, na nyuma ya nyumba ya babu yake kuna mgrivea uliokomaa. Unakubali randa vizuri, na ukipasuliwa ule mpasuo wa mistari wima unatoa madoa yanayong'aa ambayo hayahitaji rangi. Paini na saipresi za mashamba ya Rongai na West Kilimanjaro zinafaa pia, ila kwa miguu chagua zisizo na vifundo. Onyo moja: mgrivea huwasha ngozi za baadhi ya watu. Wakati wa kupiga msasa vaa barakoa na mikono mirefu.

Ukishapasua, panga mbao kivulini penye upepo, juu ya matofali. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja kila nusu mita, na vijiti vyote visimame mstari mmoja toka chini hadi juu, la sivyo mbao zitapinda. Vichwa vipake rangi nzito, kwa kuwa huko ndiko maji hutoka haraka na nyufa huanzia. Msianike juani. Jua letu la Februari linaharibu mzigo mzima.

Utajuaje imekauka? Mafundi hugonga kwa kidole wakasikiliza. Mimi naamini mizani, hata ya kuazima dukani. Chagua ubao mmoja, upime, andika uzito na tarehe juu yake kwa penseli. Rudia kila wiki. Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo, ubao umelingana na hewa ya pale. Ila ukipima Aprili, masika yamekolea, utagoma mapema kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji. Anayetaka namba kamili akate kipande kidogo mbali na kichwa, akipime, akikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi hadi uzito usibadilike tena. Kikianza na gramu 230 kikabaki 200, maji yalikuwa 30. Gawa kwa 200: asilimia 15. Huo bado ni unyevu wa nje. Ziingize mbao ndani ya nyumba, zikae wiki kadhaa ndipo uunge.

Na hata iliyokauka haitulii. Masika itavimba, kiangazi itasinyaa, na ukimpelekea mwanao Dar es Salaam, joto la pwani lenye unyevu litaivimbisha zaidi. Kwa hiyo miguu na fremu ziungwe kwa ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ikiingia kwenye tundu lake, kwa gundi, zikae imara. Uso usiutie gundi kwenye fremu kabisa. Ushike kwa skrubu kutoka chini. Skrubu za mbele ziingie kwenye matundu ya kawaida. Za nyuma zipite kwenye matundu marefu yanayoelekea ukutani, na washa, kile kipete cha chuma, chini ya kichwa cha skrubu. Mbele patabaki palepale, mwendo wote utaenda nyuma ambako hakuna anayeuona. Acha upenyo kidogo kati ya uso na ukuta.

Vanishi ipakwe juu na chini ya uso, mara sawa kila upande. Ukipaka juu tu, unyevu utaingilia chini na uso utajikunja.

Wenye watoto wadogo, meza hii ni nyembamba na mtoto akining'inia itamwangukia. Ifungeni ukutani kwa engo mbili ndogo, vile vyuma vya pembe, na kwenye engo pia tundu linaloshika uso wa meza liwe refu.

Sasa sogeeni. Hapa nina mbao mbili, moja mbichi na moja kavu, na mizani. Mama uliyekaa mwisho, njoo utupimie ya kwanza.