Namna ya Kuigawanya 4,294,967,297 kwa Kalamu na Karatasi

Ndugu mtazamaji, chukua kalamu na karatasi, kikokotoo ukiweke kando. Juu kabisa ya ukurasa andika 4,294,967,297. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ikiongezwa 1. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kuwa ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kwa kuwa wadogo zake wa ukoo huohuo, yaani 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja ikiongezwa 1, ambao ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni tasa. Ilipita miaka zaidi ya tisini ndipo mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1732, alipoonyesha kuwa 641 huigawanya bila kubakisha kitu. Tutalihakiki hilo pasipo kuigusa namba yenyewe yenye tarakimu kumi.

Tutashughulika na mabaki tu. Ukitaka baki la zao la namba mbili, zidisha mabaki yao. Tukae hapa kidogo, kwa maana wengi hulipita jambo hili haraka kisha wakapotea mbele. Gawanya 17 kwa 5, baki ni 2. Gawanya 18 kwa 5, baki ni 3. Mbili mara tatu ni 6, ambayo kwa 5 hubakisha 1. Sasa zidisha 17 kwa 18 upate 306, uigawanye kwa 5, nawe utaona baki ni 1 vilevile.

Tuendelee. Kipeo cha 16 cha 2 ni 65,536. Kwa kuwa 641 mara 102 ni 65,382, baki ni 154, lizungushie duara. Kipeo cha 32 ni 65,536 mara 65,536, kwa hiyo tunahitaji 154 mara 154 tu, ambayo ni 23,716. Toa 641 mara 36, yaani 23,076, baki ni 640. Irudishe sasa ile 1 tuliyoiacha mwanzoni: 640 na 1 ni 641 kamili, basi hakuna kinachobaki.

Pengine unajiuliza 641 ilipatikanaje. Hapa ndipo ninapoustahi zaidi ustadi wa Euler, kwani alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakishe 1. Namba tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641: majaribio matano tu.

Mwisho, pata kigawo cha pili. Andika 6,700,417 na uizidishe kwa 641 katika mistari mitatu: mara 600 ni 4,020,250,200, mara 40 ni 268,016,680, mara 1 ni yenyewe. Simamisha video, ujumlishe mistari hiyo taratibu, kisha ulinganishe jibu na namba uliyoiandika juu ya ukurasa. Hiyo 6,700,417 nayo ni tasa, kwa hiyo ugawanyaji wetu unakomea hapo.