Ndoo Iliyohama: Mazungumzo Kuhusu Mbwa Anayepoteza Macho

Mwangaluka! Wenye mbwa nyumbani, nyoosheni mikono. Haya. Na wanaojua mbwa wao ana miaka mingapi? Naona mikono inashuka.

Nimeombwa nizungumze juu ya mbwa anayepoteza macho, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa mifugo, nimechoma sindano ng'ombe na mbwa wa hapa Tabora miaka mingi. Nyumbani kwangu Cheyo tuna kijibwa, tunamwita Karanga, uzito wake haufiki kilo 6. Karanga amepofuka mbele ya macho yangu, nami sikujua. Nilijua siku mama watoto alipohamisha ndoo ya maji kutoka mlango wa jiko akaiweka chini ya ngazi ya uani. Niliporudi jioni, Karanga akasikia mnyororo wa baiskeli yangu, akaja mbio kama kawaida yake, akaivaa ndoo kifua kizima. Maji yakamwagika. Akasimama palepale analowa, pua inacheza hewani, anajiuliza ndoo imetoka wapi. Hapo ndipo nilipomshika kidevu nikamtazama vizuri.

Macho ya mbwa mara nyingi yanaondoka kidogo kidogo, na yeye kila siku anajazia pengo kwa pua na masikio. Uani kwake anapajua kama wewe unavyojua njia ya chooni umeme ukikatika. Kwa hiyo ukimwita nyumbani atakuja, nawe utasema anaona. Wengine humpungia mkono usoni. Upepo wa mkono unamgusa sharubu, anapepesa, mnaridhika. Chukueni pamba, donge dogo, liachieni lianguke mbele yake. Pamba haina kishindo. Anayeona ataitazama ikishuka. Fanyeni mchana, kisha mrudie jioni mwanga ukififia, maana wapo wanaoanza kupotea usiku kwanza. Huo mara nyingi ni ugonjwa wa kurithi wa sehemu ya nyuma ya jicho, na vijibwa vya Kizungu vyenye manyoya ya kujikunja vinajulikana nao. Hauna dawa, ila pia hauna maumivu.

Sasa jicho jeupe, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu weupe si mmoja. Mbwa akifika miaka 7 hivi, ndani ya mboni huingia ukungu wa kibuluu. Huo ni uzee, bado anaona, mwacheni. Mtoto wa jicho ni mweupe zaidi, kama maziwa yaliyoganda. Ukiuona huku mbwa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana na anakonda, fikiria kisukari. Kwa mbwa, kisukari huleta mtoto wa jicho ndani ya miezi michache tu.

Ukungu ukiwa juu, kwenye kioo cha jicho, mithili ya dirisha lililoshika mvuke, basi sisi watu wa miombo swali letu la kwanza liwe mbung'o, au ndorobo kama wengine mnavyomwita. Mbwa anayefuatana na warina asali huko Sikonge au Kaliua anaweza kurudi na vimelea kwenye damu. Homa inampanda, fizi zinapauka, uso unavimba, macho yanafunga ukungu. Mkishughulika na macho tu mtampoteza mbwa mzima. Apimwe damu. Akiwahi kutibiwa, ukungu unaweza kusafika. Dawa yake ni ileile ya njano ya ng'ombe, lakini mbwa haivumilii kama ng'ombe anavyoivumilia, kwa hiyo msichote kwa kukadiria. Nawajua.

Jicho jekundu, limetuna, hataki kulifungua: hiyo ni dharura ya leo, msingoje siku ya mnada. Yaweza kuwa presha ya jicho, yaweza kuwa kidonda. Akitemewa na swila, maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, halafu ndiyo mje. Na yale matone ya macho ya binadamu yaliyobaki kabatini yaacheni humohumo. Yapo yenye dawa ambayo, jicho likiwa na kidonda, husaidia kulitoboa.

Karanga ni mtoto wa jicho wa uzee. Upasuaji upo duniani, ila mimi hapa sina vifaa vyake. Basi tukarudisha ndoo mlangoni. Chini ya ngazi tukatandika mkeka mkuukuu, nyayo zikiugusa anajua ngazi imefika. Kisima kina mfuniko. Tukimbeba, tunamtua penye bakuli lake, si popote, maana ukimtua katikati ya ua umempotezea dira. Na hakuna kumgusa kabla ya kusema neno. Mbwa mpole akishtuliwa anauma, na watoto ndio wa kwanza kuumwa, kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka haina mjadala.

Barabarani anatembea na mkanda wa kifuani. Bodaboda hainitishi, anaisikia tangu mbali. Kinachonitisha ni baiskeli, na mji huu mnaujua kwa baiskeli. Pigeni kengele, jamani. Jirani yangu, mzee wa msikitini, hataki mate ya mbwa kwenye kanzu yake, na ni haki yake. Alikuwa akipita anapiga makofi mawili. Sasa Karanga akisikia makofi hayo anajibana ukutani hadi mzee apite. Sikumfundisha mimi.

Kuna dada pale nyuma anauliza: amehamishiwa kazi Nzega, mbwa wake haoni, afanyeje? Dada yangu, gunia analolalia liende pamoja naye, na usilifue. Mkifika, usimwachie nyumba nzima siku moja. Mpe chumba kimoja, maji na gunia lake, umtembeze kwa kamba ukutani mpaka mlangoni, mara nyingi. Akishakipita bila kujigonga, mfungulie cha pili. Na kabla hujamtoa garini, panga vyombo vyako vyote kwanza.