Beki aliyechelewa kuiva

Asanteni sana. Nimeombwa nizungumzie mabeki, na naona washambuliaji wameshaanza kuchezea simu. Vumilieni kidogo, zamu yenu itafika.

Nimemchagua Virgil van Dijk kwa sababu ya umri wake. Liverpool walimsajili Januari 2018 kwa pauni milioni 75, fedha ambayo hakuna beki aliyewahi kuuzwa kabla yake. Alikuwa na miaka 26. Hapa kwetu mchezaji wa miaka 26 ambaye hajaonekana timu kubwa tunamwita mzee, na wapo walioanza zamani kupunguza miaka kwenye karatasi. Mnacheka, lakini mnawajua.

Alizaliwa Breda, Uholanzi, mwaka 1991, akakulia katika timu za vijana za Willem II. Alikuwa beki wa kulia, mfupi, tena mzito wa mbio. Jioni aliosha vyombo mgahawani, na bosi wake akamshauri ashikilie hiyo kazi, soka halitamlipa. Baadaye akarefuka ghafla, akahamia katikati. Hata hivyo Willem II hawakumpa mkataba wa wakubwa. Mwaka 2010 Groningen wakamchukua bure.

Huko Groningen nusura tumkose kabisa. Mwaka 2012 kidole tumbo kilipasuka, sumu ikasambaa tumboni. Kijana wa miaka 20, kitandani hospitalini, anatia saini wosia ili mama yake apate chochote. Alipona, akarudi uwanjani, na mwaka uliofuata vigogo wa Uholanzi wakamwacha apite. Celtic ya Scotland ikalipa kama pauni milioni 2.6.

Hapa Celtic ndipo wengi huruka haraka. Mimi nataka tukae. Kwenye ligi ya Scotland Celtic wanashika mpira muda mwingi, kwa hiyo beki anaweza kumaliza mechi jezi ikiwa kavu. Alichukua ubingwa misimu yote miwili. Ila Ulaya ilimnyoosha. Desemba 2013 Barcelona waliwapiga 6-1. Februari 2015, San Siro, alipewa kadi nyekundu kipindi cha kwanza dhidi ya Inter, na Celtic wakatolewa. Maskauti wakasema ni mvivu, anajiamini kupita kiasi. Kwa maoni yangu zile mechi zilimfaa kuliko yale makombe. Makocha, beki akifungisha leo msimfiche benchi mwezi mzima.

Southampton walimnunua mwaka 2015 kwa pauni milioni 13. Sasa kila wiki anakutana na straika wa maana, hakuna tena wiki ya mapumziko. Januari 2017 akapewa unahodha, mwezi huohuo akaumia, msimu ukaishia hapo. Katikati ya mwaka Liverpool wakamtaka kwa njia iliyowaudhi Southampton, wakalazimika kuomba radhi hadharani. Usajili ukasubiri dirisha dogo la Januari. Mechi yake ya kwanza Liverpool, Kombe la FA dhidi ya Everton, akafunga kwa kichwa.

Sasa niwaonyeshe kazi yenyewe. Machi 31, 2019, Anfield, Liverpool na Tottenham 1-1, dakika za mwisho. Moussa Sissoko wa Tottenham anatoka na mpira, mwenzake Son yuko pembeni yake, beki ni mmoja tu, Van Dijk. Wengi wetu tungefanyaje? Tungelala chini kuufuata mpira, Son apewe pasi, goli. Van Dijk hakulala. Alirudi nyuma taratibu, mwili wake ukiwa kwenye njia ya pasi ya kwenda kwa Son, ambaye ndiye mmaliziaji. Sissoko akaachiwa mpira kwenye guu la kushoto, lile asilolipenda. Akapiga, ukapaa juu ya lango. Van Dijk mpira hakuugusa hata kidogo! Muda mfupi baadaye Liverpool wakapata la pili. Msimu ule wakabeba Ligi ya Mabingwa, na kwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, Messi akampita kwa pointi 7 tu.

Oktoba 2020 kipa wa Everton, Jordan Pickford, alimvaa, goti likachanika. Msimu ukaisha. Alikuwa na miaka 29, na goti la namna hiyo limestaafisha wengi. Aliporudi, mwaka 2022 akachukua Kombe la Ligi na Kombe la FA. Mwaka 2023 akawa nahodha. Fainali ya Kombe la Ligi 2024 dhidi ya Chelsea, Liverpool wakiwa wamejaza watoto kwa sababu ya majeruhi, yeye ndiye aliyefunga bao pekee kwa kichwa, dakika ya 118. Mwaka 2025, akielekea miaka 34, aliongezewa mkataba hadi 2027, na mwezi huohuo akawa bingwa wa ligi akiwa amevaa kitambaa.

Haya, maswali. Tuanze na makipa, maana wao hawaulizwi kamwe.