Piga picha kwanza kabla hujaita mtu wa dawa

Haya jamani, mmeniita niwaonyeshe kupiga picha wadudu kwa simu na nitawaonyesha, ila naomba tuongelee pia haya mabomba ya dawa, maana siku hizi hapa Dodoma, mitaa ya Iyumbu, Ilazo, Kisasa, kila nyumba mpya lazima iwe na ukoka mbele halafu anaitwa kijana aje apulizie ukae safi, na hakuna anayeuliza hiyo dawa inaua nani.

Simu inatosha kabisa. Ukipata ile lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera ni vizuri zaidi. Toka mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi hivi, upepo wetu wa Dodoma haujaanza fujo na mdudu mwili wake bado wa baridi hana mbio, msogelee taratibu usimtupie kivuli, fokasi iwe kwenye macho, piga nyingi mfululizo utachagua baadaye.

Mwoneni huyu. Mweusi, mrefu, ana miba miba, wengi tunamkanyaga tukidhani mharibifu. Huyu ni mtoto wa kale kadudu kekundu ka mviringo kenye madoa meusi, na anachokula ni vidukari vya kwenye mboga zako! Na huyu nyigu anayejenga kijumba cha udongo ukutani anakamata viwavi anawafungia humo, mtoto wake akianguliwa akute chakula.

Sasa dawa. Hii 2,4-D inaua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi, ndo maana watu wa bustani wanaipenda, lakini magugu yenyewe ni pamoja na mbigili, kale kaua kake ka njano nyuki wanakafuata. Mbigili inachoma kweli, ing'oe wanapopita watoto, kule kwenye fensi iache ichanue.

Inayoniuma zaidi ni imidacloprid, hii ni dawa ya kuua wadudu, watu wanaimwaga kwa ajili ya mchwa. Mmea unainyonya toka ardhini, inapanda mpaka kwenye chavua na nekta, na nyuki hata isipomuua inamvuruga neva anashindwa kurudi mzingani. Umoja wa Ulaya waliipiga marufuku kutumika nje mwaka 2018, wakaruhusu ndani ya vitalu nyumba tu. Na sisi ndo kanda ya alizeti, Dodoma na Singida, na alizeti inamhitaji nyuki, na nyuki anaruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, hajui ukuta wako unaishia wapi, kwa hiyo ulichomwaga kwako kinamfikia mkulima na mfuga nyuki ambao hata hamjuani.

Ombi langu ni moja tu, acheni kipande cha uwanja bila dawa yoyote, magugu yang'olewe kwa mkono, mpige picha pale na pale panapopuliziwa, saa ileile, mlinganishe wenyewe mnachokiona.

Haya toeni simu, nyuma ya ukumbi kuna vijumba vya nyigu ukutani, twendeni kabla jua halijawa kali, na tafadhali msiwaguse.