Lita Moja Inakufikisha Wapi?

MWANAIDI: Karibu msikilizaji. Hapa ni Mwanaidi na mdogo wangu Deo, na mezani leo kuna madaftari mawili na mfuko umejaa risiti za sheli.

DEO: Shikamoo dada.

MWANAIDI: Marahaba. Vitz haijambo?

DEO: Sasa haijambo. Ungeniuliza mwezi uliopita nisingekujibu hivyo.

MWANAIDI: Tuanzie hapo. Ulikuja kwangu unalia nini?

DEO: Nilikuja kuuliza siri ya Passo yako, maana mimi na wewe tuna injini moja kabisa. Vitz yangu ni ya 2006, ile tunayoita new model, Passo yako ya 2005, na chini ya boneti zote mbili kuna 1KR, silinda tatu, cc 996. Passo ni nyepesi kidogo, sawa, lakini wepesi huo haumalizi hadithi. Wewe unasema mjini lita moja inakupa kilomita 13. Mimi nahisi yangu haifiki hata 9.

MWANAIDI: Nikakwambia "nahisi" haina lita. Wewe ulikuwa unaweka mafuta ya elfu kumi kumi.

DEO: Elfu kumi asubuhi, na jioni foleni ikinishika Magomeni, naongeza ya elfu tano.

MWANAIDI: Na wengi wanaotusikiliza wanaishi hivyo hivyo, hela inapatikana kwa siku. Chukulia lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Elfu kumi ni lita tatu na kidogo. Mshale unanyanyuka kama unatikisa kichwa, halafu unalala. Mtu wa namna hiyo akiulizwa gari yake inakula kiasi gani, anataja namba aliyoisikia kijiweni.

DEO: Kabisa. Nimewahi kumwambia mtu kilomita 20 kwa lita. Sikuwa nadanganya, niliamini kweli.

MWANAIDI: Namba hiyo watu wanaitoa wapi? Nyingine zinatoka Japani. Vigari vya umri wetu vilipimwa kwa utaratibu unaoitwa 10-15. Gari inawekwa kwenye roli ndani ya maabara, inazungushwa dakika 11, kama kilomita nne, mwendo wa juu kabisa 70, na AC imezimwa. Wajapani wenyewe waliona haufanani na barabara, wakaleta JC08, kisha WLTC. Lakini namba ya zamani imesafiri na gari mpaka huku.

DEO: Halafu zile stika za kioo cha nyuma, dada. Ya kwangu bado ipo, imepauka, ina nyota nne. Jirani yangu alikuwa anasema nyota nne maana yake inanusa mafuta.

MWANAIDI: Nyota zinazungumzia moshi. Nyota nne ni kwamba moshi wake mchafu umepungua kwa asilimia 75 chini ya kiwango cha 2005. Habari ya mafuta inakuwa kwenye stika nyingine, ile yenye namba 22. Hiyo 22 ni mwaka kwa kalenda yao, yaani 2010, kwamba gari imefikia kiwango cha mafuta kilichowekwa kwa mwaka huo. Hakuna hata moja inayokwambia Mbezi mpaka Posta utatumia lita ngapi.

DEO: Basi tuwaeleze tulivyopima.

MWANAIDI: Eleza wewe.

DEO: Jumapili saa 12 asubuhi tulikutana sheli moja Kibaha. Tukajaza tenki mpaka pampu ikajikata yenyewe. Hapo nataka watu wanisikilize: ikijikata, mwambie mhudumu basi. Wahudumu wengi wanapenda kuendelea kuminya minya ili hela itimie namba ya mviringo, na hapo umeshaharibu kipimo, maana leo ataminya nusu lita na kesho ataminya mbili. Tukaweka odomita ndogo, ile inayohesabu kilomita za safari moja, kwenye sifuri. Tukaenda Chalinze kwa mwendo wa 80, vibao vya 50 tukaviheshimu, AC tumezima wote, tukageuza, tukarudi pampu ileile, upande uleule, tukajaza tena mpaka ikajikata.

MWANAIDI: Ileile kwa sababu pampu hazikatiki sawa. Na iwe yenye stika ya Wakala wa Vipimo ambayo muda wake haujaisha. Soma daftari.

DEO: Passo, kilomita 139, lita 7.9. Ni kilomita 17.6 kwa lita. Vitz, kilomita 141, lita 10.5. Ni 13.4.

MWANAIDI: Barabara moja, asubuhi moja, injini moja.

DEO: Nilinyamaza kabisa pale sheli. Na zile kilomita mbili za tofauti kwenye odomita watu wasishangae, matairi yetu hayalingani saizi. Ukifunga tairi kubwa kuliko ya kiwandani, odomita inahesabu pungufu, unaona gari inakula zaidi ya inavyokula kweli. Linganisha na ramani ya simu mara moja ujue makosa yako ni kiasi gani. Lakini mbili kwa 140 haielezi lita mbili na nusu.

MWANAIDI: Sasa waambie nilichokiona Mlandizi wakati wa kwenda.

DEO: Tulisimama kununua maji. Dada akaja dirishani kwangu, akachungulia dashibodi, akaniuliza, "Deo, hiyo taa ya buluu inafanya nini hapo?"

MWANAIDI: Vigari hivi havina mshale wa joto. Vina taa mbili. Nyekundu ikiwaka, simama, injini inachemka. Ya buluu inawaka ukiwasha gari asubuhi, inakwambia injini bado ya baridi, na baada ya kilomita chache inazima. Kwa Deo ilikuwa imewaka, na katoka Kibaha zaidi ya dakika 20.

DEO: Na mimi nilikuwa naiona kila siku! Nikiwa kwenye foleni inazima, nikishika barabara nyeupe inarudi. Nilidhani ni taa ya AC au kitu kama hicho. Rangi ya buluu haimtishi mtu.

MWANAIDI: Ndipo nikakuuliza kama gari imewahi kufunguliwa rejeta.

DEO: Imewahi. Miaka miwili nyuma ilichemka, nikaipeleka kwa fundi. Akabadilisha hozi, na alipomaliza akanionyesha kidude kidogo cha shaba mkononi, akasema, "Hii themostati nimeitoa, ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi." Nikamshukuru. Nikamlipa.

MWANAIDI: Hapa nitakaa kidogo, Deo, usinikimbize.

DEO: Kaa, dada.

MWANAIDI: Neno hilo limesemwa kwenye gereji nyingi mno, na lina mantiki inayovutia: nchi ni ya joto, gari ipoe muda wote. Lakini injini haitaki kupoa muda wote. Inataka kufika joto lake, kama nyuzi 80 na zaidi, na kubaki hapo. Themostati ni mlango. Ndani ina nta. Maji yakiwa ya baridi mlango umefungwa, yanazunguka ndani ya injini tu, yanapata joto haraka. Yakifika joto lake nta inavimba, inausukuma mlango, maji yanaenda kwenye rejeta. Ukiutoa mlango, maji yanapita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na ukikimbia 80 upepo unayapoza zaidi.

DEO: Ndiyo maana taa ilikuwa inarudi barabarani.

MWANAIDI: Ndiyo maana. Na kompyuta ya gari inasoma joto hilo. Ikiona injini ya baridi inaongeza petroli, maana petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye injini ya baridi, lazima imwagwe nyingi ndipo iwake vizuri. Kwako ilikuwa asubuhi ya baridi siku nzima, miaka miwili. Na si mafuta tu, petroli isiyoungua inateremka kwenye oili, injini inalika. Gari iliyochemka ina sababu yake: rejeta imeziba, feni haizunguki, hozi inavuja, mfuniko wa rejeta umechoka. Tafuta hiyo.

DEO: Inaniuma kwa sababu themostati mpya haikufika hata hela ya mafuta ya wiki mbili. Niliifunga Jumanne kwa fundi mwingine, na kulanti mpya, maana nilikuwa natumia maji ya bomba.

MWANAIDI: Na upepo wa matairi?

DEO: Upepo nao. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha Kijapani. Herufi sizijui, ila namba inasomeka: 230. Hizo ni kilopaskali. Kijana wa pancha anatumia psi, na 230 ni psi 33. Tairi zangu za mbele zilikuwa 24. Kwa macho zinaonekana sawa tu, zimekaa vizuri. Kumbe gari ilikuwa inavuta mguu kama mtu anayetembea kwenye mchanga wa Coco Beach.

MWANAIDI: Jumapili iliyofuata?

DEO: Kibaha, Chalinze, Kibaha. Kilomita 141, lita 8.7. Ni 16.2 kwa lita. Na taa ya buluu ilizima kabla sijazimaliza kilomita tano, haikurudi tena.

MWANAIDI: Alhamdulillah.

DEO: Kwa mwezi mimi natembea kama kilomita 1,200. Mjini siwezi kupata 16, lakini risiti zinaonyesha nimetoka 9 na nusu kuja 12. Ni lita 26 kwa mwezi. Kwa ile bei yetu ya mfano ni karibu elfu 80. Hiyo ni hela ya gesi na chenji inabaki.

MWANAIDI: Waeleze wa elfu kumi kumi wanapimaje, maana tenki zima ni zaidi ya laki na wengi hawana ya kumwaga mara moja.

DEO: Risiti. Usiiache risiti ya EFD pale sheli, ina lita juu yake. Siku taa ya mafuta inapowaka, andika odomita. Baada ya hapo weka mafuta unavyoweka siku zote, kila risiti ndani ya mfuko. Mwezi ukiisha, subiri tena taa iwake, andika odomita, jumlisha lita. Taa kwa taa. Si sahihi kama tenki kwa tenki, lakini kwa mwezi mzima inakaribia sana. Kupima wiki moja usifanye, taa yenyewe inayumba, ukiwa mlimani inawaka mapema.

MWANAIDI: Ila usizoee kutembelea taa. Pampu ya mafuta imo ndani ya tenki na inapozwa na petroli hiyohiyo.

DEO: Kuna jambo la kaka yangu aliyeko Leicester. Ananiambia Yaris yake, ambayo ni hiyohiyo Vitz kwa jina la kule, inatoa maili 50 kwa galoni.

MWANAIDI: Muulize galoni ya wapi. Ya Uingereza ni lita 4.5, ya Marekani ni 3.8. Maili 50 za Uingereza ni kilomita 17.7 kwa lita. Tuko naye sawa, asitutambie.

DEO: Na huyu msikilizaji wa Morogoro anayeshuka milima na free, yaani gia ya N, ili asile mafuta?

MWANAIDI: Aache, namuomba. Injini hizi za sindano, ukiachia mafuta gari ikiwa kwenye D inashuka, kompyuta inafunga petroli kabisa, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Ukiweka N, injini lazima ichome petroli ili isizime. Kwa hiyo unakula zaidi, na breki zinabeba gari peke yake kwenye mteremko. Kwa kibubu cha namna hiyo utalipa hospitali.

DEO: La mwisho kwangu ni la shemeji yangu. Ana Noah na Passo nyumbani, anahangaika Passo itoke 16 ifike 18.

MWANAIDI: Ahangaikie Noah. Piga hesabu ya kilomita 1,000. Passo kutoka 16 kwenda 18 inaokoa lita saba. Noah kutoka 8 kwenda 10 inaokoa lita 25. Zote zimepanda "mbili", lakini mbili hizo hazilingani hata kidogo. Ndiyo maana Ulaya wanapenda kusema lita ngapi kwa kilomita 100, inaonekana wazi.

DEO: Nitamwambia leo leo. Sasa bado hatujagusa AC.

MWANAIDI: Hatujaigusa kwa sababu hatujaipima, na mimi nimechoka na namba za kijiweni. Jumatano ni ya kwanza ya mwezi, EWURA, wanaopanga bei za mafuta, watatoa bei mpya, tutajua tunapimia kwa shilingi ngapi. Jumapili saa 12, Kibaha, pampu ileile. Wewe unawasha AC kwenda na kurudi, mimi nazima.

DEO: Na wiki inayofuata tunabadilishana.

MWANAIDI: Tunabadilishana. Jaza upepo Jumapili asubuhi kabla hujatoka mbali na nyumbani, tairi zikiwa bado za baridi. 33, usisahau.