Usifungue Mashine, Fungua Mfuniko

Asalaam aleikum. Bwana mwenyekiti, manahodha, wenye vyombo, na kina mama mnaotoa pesa za mafuta halafu mnaambiwa mashine mbovu, nawasalimu. Nimepewa nusu saa nizungumzie mashine mpya za boti zinazomisi. Wengine mlishanisikia Nyamisati, wengine mmenisikia hapa hapa Kilindoni nikiwa na bisibisi mkononi na sina furaha. Nitarudia, kwa sababu hamsikii.

Mashine ina wiki tatu tangu itoke kwenye boksi, imeanza kukohoa. Kosa liko wapi? Najua jibu lenu: kabureta. Mashine ikipiga chafya, kabureta. Ikichelewa kuwaka, kabureta. Mimi nasema anza nyuma kabisa: tangi, mfuniko, mpira wa mafuta, pampu ya mkono, chujio. Ukimaliza huko na bado inakohoa, ndipo uiguse mashine.

Msimu uliopita wa papa potwe kijana mmoja anayepeleka wageni alinigongea mlango alfajiri. Mashine yake ni ya kuchanganya oili, HP 15, mpya. Inawaka mvuto wa kwanza. Inakwenda vizuri dakika kumi. Halafu inaanza kupungua, inamisi, inazima. Anavuta kamba mpaka bega linamuuma. Anakaa, wageni wanapigwa jua, akijaribu tena inawaka kama si yeye. Dakika kumi, mchezo ule ule.

Fundi wa kwanza alifungua kabureta, akaisafisha, akalipwa. Fundi wa pili akaifungua tena, akazungusha skrubu ya hewa kwa makadirio, akabadilisha plagi za cheche, akalipwa. Sasa hata sailensa, ule mngurumo wa taratibu boti ikiwa imesimama, haikai. Kijana kaja kwangu na mashine iliyochokonolewa mara mbili, na karatasi ya dhamana mfukoni ambayo kwa kuchokonolewa huko labda inafaa kufungia karanga.

Nikamwambia, mwanangu, washa twende. Sikubeba hata spana. Nilikaa nyuma nimeishika ile pampu ya mpira ya mkono, basi. Dakika ya nane naihisi inanywea. Dakika ya kumi imekuwa bapa, imenyauka kama titi la mbuzi aliyekamuliwa. Mashine ikakohoa. Nikageuka kuangalia tangi.

Tangi gani! Lile jekundu lililokuja na mashine liko nyumbani uvunguni, "lisiharibike". Kwenye boti kuna dumu la njano la mafuta ya kula. Mfuniko umetobolewa, mpira umepitishwa, pembeni pamezibwa kwa kitambaa na gundi ili maji ya chumvi yasiingie. Kazi safi kabisa. Maji hayaingii, na hewa haiingii. Dumu lenyewe mbavu zimebonyea ndani, na hakuna aliyejiuliza dumu linakonda kwa ugonjwa gani. Nikachomoa kitambaa. Fyuuu! Dumu likavuta pumzi, mbavu zikarudi, pwaa! Nikabonyeza pampu mpaka ikawa ngumu, akavuta kamba, tukaenda nusu saa bila kukohoa. Mafundi wawili, plagi mbili, kumbe ni kitambaa.

Namwona mzee pale anatikisa kichwa: mimi situmii dumu, natumia tangi la kiwandani. Hongera, mzee wangu. Juu ya mfuniko wa tangi lako kuna skrubu ndogo ya kupumulia. Unaifunga ukibeba tangi, unaifungua kabla ya kuwasha. Nani aliifungua leo asubuhi? Nyoosheni mikono. Haya, wawili. Na huyo wa pili anamwangalia mwenzake.

Mama yako akifungua kopo la maziwa anatoboa tundu ngapi? Mbili. Moja maziwa yatoke, moja hewa iingie. Hakusomea ufundi. Petroli nayo ni hivyo hivyo: mashine inaivuta kutoka kwenye tangi, na kama hewa haiji kujaza nafasi yake, inafika mahali haivutiki tena. Ukizima na kungoja, hewa inapenya kidogo kidogo, mashine inawaka, unadhani imepona.

Kijana wangu hapa mbele ananiambia mashine za siku hizi zina kompyuta. Kompyuta inapumua badala ya tangi? Haipumui. Ila umenikumbusha jambo: nyingi za hizo zikipata joto au oili ikipungua zinajipunguza mwendo zenyewe na kupiga king'ora. Wewe unasema imekosa nguvu, unaikandamiza. Angalia kwanza kama inakojoa vizuri yale maji ya kuipoza.

Kipimo kimoja mkichukue. Mashine inakohoa mko majini: mwenzako abonyeze pampu ya mkono. Ikichangamka, tatizo ni mafuta kufika: mfuniko, mpira unaovuta hewa kwenye maungio, chujio, au pampu ya mashine yenyewe. Isipobadilika, twende kwenye maji ndani ya petroli, na plagi. Na mshale ulio kwenye pampu unaelekea kwenye mashine. Msicheke, nimewahi kuukuta umegeuzwa.

Maji. Chota petroli kutoka chini ya tangi, tia kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji yanakaa chini, mstari unauona kwa macho. Dumu lililokuwa la maji ya kunywa jana, leo si la petroli, hata ulikaushe vipi.

Oili. Hapa ningetaka saa nzima, sina. Kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata, lakini nyingi za kuchanganya zinataka petroli 25 kwa oili 1 katika masaa 10 ya mwanzo, yaani mililita 800 kwenye lita 20, kisha 50 kwa 1, mililita 400. Masaa hayo 10 itatoa moshi na sailensa haitakuwa tamu. Iache, haiumwi. Msiikandamize mpaka mwisho pia. Tatizo ni yule aliyeona oili ni dawa, mwezi wa sita bado anatia mililita 800, plagi nyeusi zinadondosha. Na mwingine anatia oili ya pikipiki kwa kuwa ni rahisi. Angalia kopo limeandikwa TC-W3, hiyo ndiyo alama ya oili ya mashine za boti za kuchanganya.

Plagi, zitoe zote mbili uzilinganishe. Moja imelowa, nyeusi, na mwenzake kavu ya kahawia? Piston hiyo ya kwanza hailipi kodi. Badilisha plagi zao nafasi uone kama ugonjwa unahama nayo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya rafadha na kusuuza mashine kwa maji yasiyo na chumvi, hayo siku nyingine.

Twendeni ufukweni basi. Yule ambaye mashine yake iligoma jana yuko wapi? Ah, ndugu yangu, usiibebe mashine, iache pale pale. Niletee dumu.